Jirani Anayechoma Taka

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa leo, na mvua nayo imefunguliwa. Asubuhi Dada alinitupia daftari hili kitandani.

"Unaongea usingizini," akasema. "Na unachosema ni kimoja tu: samahani Mkuu, samahani Mkuu. Andika humu, labda tutalala."

Basi naandika. Mimi ni karani wa chuo cha uuguzi na utabibu. Napiga chapa, nadurufu, nagonga mihuri, na nasubiri kikohozi. Kikohozi ni cha Mkuu wa chuo. Ofisi yake iko mwisho wa korido, upande wa nyuma, na kila anapotoka hujisafisha koo tangu mlangoni: khm, khm, khmmm. Wahudumu huficha vikombe vya chai. Wanachuo hufunga vifungo vya makoti. Mimi hunyoosha karatasi ambazo zimeshanyooka. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Mwisho wa muhula ndipo Mkuu ataamua kama nathibitishwa kazini au nafungasha virago.

Leo ameripoti mkufunzi mpya, mama wa makamo aliyevaa viatu vya mvua na hakuona haya kuviacha mlangoni akaingia na soksi. Atafundisha somo jipya, Mazingira na Afya. Mkuu alimpokea mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, nikwambie ukweli, sikuliomba somo hili. Limeletwa tulijaribu muhula mmoja. Mwishoni Baraza la chuo litakuja kuangalia mtihani wa vitendo. Wakiona ni porojo, tunalifuta. Hapa tunafundisha watu kuokoa maisha, si kupanda maua."

"Sawa, Mkuu," mama yule akajibu. "Darasa liko wapi?"

Nilitamani kuwa na koo la kujibu hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Dirisha la ofisi limevimba, halifunguki.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipeleka karatasi za mahudhurio kwenye darasa la Mazingira nikakuta vicheko. Kuna mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, mrefu, kipimo cha mapigo ya moyo hakimtoki shingoni hata akienda kununua mandazi. Wenzake wanamwita Daktari Mtarajiwa, na yeye hulichukua jina hilo kama cheo. Alikuwa amesimama.

"Mwalimu, samahani. Mgonjwa akiletwa anavuja damu, nimuulize kwanza habari za miti?"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi naye akacheka, tena sana.

"La, mwanangu. Zuia damu. Miti haina haraka." Kisha akaagiza aletewe pipa jekundu kutoka chumba cha mazoezi, lile la taka za hatari. Akatandika karatasi ya nailoni, akalimwaga juu ya meza. Wote wakarudi nyuma, wengine wameziba pua.

Ilitoka milima ya glavu, bomba za sindano, bandeji, vifuko vya plastiki.

"Hizi zimemgusa nani?"

Binti mmoja wa mbele akasema taratibu, "Babu Mpira."

Babu Mpira ni sanamu lao la mazoezi. Analala kwenye kitanda chake miaka yote, wanamchoma sindano, wanamfunga vidonda visivyokuwepo.

"Babu Mpira ana ugonjwa gani?"

"Hana, Mwalimu."

"Ana damu?"

"Maji yenye rangi."

"Basi mbona taka zake tunazitupa kwenye pipa la mwenye kipindupindu na kwenda kuzichoma?"

Kila mmoja alivua glavu safi kwenye mwili wa mpira na kuitupa kwenye pipa jekundu kwa sababu aliyemtangulia alifanya hivyo, na yeye alimwona wa kabla yake. Daktari Mtarajiwa akajikuna shingo, kipimo kikayumba.

Kufikia jioni mkufunzi alishabatizwa jina: Bibi Taka. Wanasema alipolisikia alifurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Nyumba tunayokaa mimi, Dada na binti yake imepakana na ukuta wa nyuma wa chuo. Nilipopata kazi tulihamia hapa tukashangilia kwamba nitakwenda kwa miguu na mchana nitarudi kula. Hakuna aliyejiuliza upande wa pili wa ukuta kuna nini.

Kuna shimo la kuchomea taka. Wakati wa kiangazi moshi hupanda juu ukaenda zake. Sasa mvua imeanza, taka zimelowa, haziwaki. Zinafukuta tu, na moshi unapita juu ya ukuta polepole, mzito, unaingia kwa dirisha letu kama mtu wa nyumbani. Unanuka mpira na dawa.

Mpwa wangu ana miaka sita. Tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupumziki. Sasa huanzisha hadithi na kikohozi kikamalizia. Dada ni fundi cherehani. Wateja wameanza kurudisha magauni yanayonuka moshi, lakini si hilo linalomnyima raha.

"Wewe si mtu wa ofisini? Waambie."

"Nimwambie nani?"

"Mwenye shimo."

"Dada, wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Akasimamisha cherehani. "Kicheko kiko wapi humu ndani?"

Na Chiriku akakohoa, kama aliyeitwa kutoa ushahidi.

Ijumaa, 14 Machi

Bibi Taka alikuja ofisini, akanitazama kwa muda mpaka nikaanza kutafuta kosa langu.

"Una uso mzuri wa kazi yangu," akasema. "Uso wa kusubiri majibu ya vipimo."

Anataka niwe mgonjwa wa kuigiza. Wanachuo watafanya mazoezi ya kumhoji mgonjwa, na kwenye mtihani watamhoji mbele ya Baraza. Nilitaka kukataa, tatizo sijui kukataa kunaanzaje.

"Utakuwa mzazi aliyemleta mtoto anayekohoa. Tumia kikohozi unachokijua, usije ukasahau. Unakijua kimoja?"

"Nakijua."

"Kinatokana na nini?"

"Kuna jirani anachoma taka."

"Vizuri. Sasa shika sharti moja, na sharti hili usilivunje hata nikikukonyeza. Ukiulizwa, jibu kweli. Usipoulizwa, usiseme. Mwanafunzi asiyeuliza asipewe."

Sharti hilo nimelipenda. Linafanana na maisha yangu.

Sikumwambia jirani ni nani. Hakuuliza.

Alhamisi, 20 Machi

Zoezi la kwanza. Nilikaa kwenye kiti katikati ya darasa. Daktari Mtarajiwa akajitolea kufungua. Hakunisalimia. Umri wa mtoto? Homa? Kikohozi kikavu? Maswali yalitoka mfululizo kama anayeita majina ya gwaride, na kabla sijamaliza jibu la mwisho alikuwa ameshaandika dawa za aina tatu.

"Nimemaliza, Mwalimu. Tena mapema."

Wakampigia makofi.

"Mtoto amepona?" akauliza Bibi Taka.

"Atapona."

"Wiki ijayo amerudi, anakohoa vilevile."

"Nitaongeza dozi."

"Wiki inayofuata?"

"Ataanza kunizoea, Mwalimu." Wakacheka wote.

Bibi Taka akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: ANAYEKOHOA USIMUULIZE TU ANAMEZA NINI. MUULIZE ANAPUMUA WAPI.

Nilirudi ofisini nikimchukia kijana yule. Alitibu kiti nilichokalia, mimi hakuniona.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Chiriku alishindwa kuimba leo. Alijaribu.

Jumanne, 1 Aprili

Wanajifunza. Binti wa mbele alinisalimia, akavuta kiti karibu, akauliza tunapikia nini. Nikasema mkaa, tena nje. Akauliza nani anavuta sigara. Hakuna. Akainama kidogo: "Dirisha la mtoto linaangalia wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, hata hospitali tulikompeleka mara zote. Nikasema linaangalia ukuta, na nyuma ya ukuta jirani anachoma taka.

Darasa zima likalipuka kwa furaha. "Tumempata! Tumempata!"

"Mmempata, mtamfanya nini?" akauliza Bibi Taka.

"Wafunge dirisha," akasema Daktari Mtarajiwa.

"Nyumba ya bati, joto hili?"

"Basi wahame."

Sharti halikunikataza kuuliza, nikauliza, "Tuhamie wapi, daktari?"

Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Nami nilikuwa nasubiri swali lililobaki. Halikuja.

Ijumaa, 4 Aprili

Mazoezi. Wamegundua dirisha, ukuta, jirani. Wakaishia hapo.

Jumatano, 9 Aprili

Wakaishia hapo tena.

Jumanne, 15 Aprili

Leo kulikuwa na kisanga. Wanachuo wamegawa mapipa: taka za Babu Mpira kivyake, za wodini kivyake. Glavu za mazoezi zisizochanika wanaziosha na kuzitumia tena kwa Babu, kwa kuwa yeye halalamiki. Walizianika kwenye kamba nyuma ya ukumbi, zikapungapunga kwa upepo kama watoto wanaoaga basi.

Khm, khm, khmmm. Mkuu akatokea.

"Hiki ni chuo au kwa dobi?"

"Ni chuo, Mkuu," akasema Bibi Taka. "Ndiyo maana tunajifunza."

"Wageni wakipita waone chuo changu kinafua glavu? Zitolewe." Akataka kuongeza neno, kikohozi kikamkatiza, akaondoka amefunika mdomo kwa leso.

Kamba ikahamishiwa ndani ya ukumbi. Mimi ndiye niliyeshika ngazi.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika nikiwa wodi ya watoto, Chiriku amelala.

Mvua haikukatika wiki nzima. Taka za wodini zilijaa shimoni zikalowa, na leo mchana mchomaji alizimwagia mafuta ya taa ziwake kwa nguvu. Hazikuwaka. Ulitoka moshi mweusi uliolala chini na kumwagikia upande wetu wote. Nilikuwa nadurufu ratiba ya mtihani. Nikasikia mtu anagonga dirisha lile lisilofunguka, anagonga kwa kiganja. Dada. Mgongoni kambeba Chiriku, na Chiriku alikuwa hasemi.

Ukiona Chiriku hasemi, huhitaji kipimo.

Nilitoka bila ruhusa. Sikukumbuka kama ruhusa ipo duniani. Tulikimbia kwa njia ya ndani hadi hospitali, maana imeungana na chuo. Mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Dada alikuwa anasema, "Pumua, mama, pumua," kama mtu anayembembeleza mtoto kula.

Mlangoni mwa wodi wa kwanza kutuona alikuwa Daktari Mtarajiwa. Yuko kwenye mafunzo ya wodini. Nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, kati ya watu wote, huyu.

Hakutuuliza majina. Alimwita muuguzi mkuu kwa sauti moja tu, akampokea Chiriku kutoka mgongoni kwa Dada, akamketisha wima, akamshika wakati muuguzi anafunga oksijeni na mashine ya dawa ya mvuke. Daktari akaja, akaagiza, akapima, akaagiza tena. Muda wote ule kijana yule alipiga magoti sakafuni ameshikilia kinyago usoni pa mtoto, kwa sababu Chiriku alikuwa anakisukuma.

"Hii ni kofia ya rubani," akamwambia. "Rubani haongei akiwa angani. Tukitua utaniambia uliona nini. Umeona mawingu? Tikisa kichwa tu."

Chiriku akatikisa.

"Umeona ng'ombe?"

Akatikisa kukataa, kwa hasira kidogo, kwamba ng'ombe anafanya nini angani. Hapo ndipo nilipojua atapona.

Mkono wa kijana ulipochoka, akabadilisha wa pili. Kipimo chake cha mapigo kilikuwa kimeanguka chini ya kitanda na hakukikumbuka. Yule niliyemwona muhula mzima hakuwepo. Au huyu wa sasa alikuwepo siku zote, mimi ndiye sikuuliza.

Rangi ya midomo iliporudi, akamgeukia Dada. "Mama, nyumbani hewa ikoje?"

"Muulize mjomba wake," Dada akasema, sauti imekwaruza. "Yeye ndiye mtu wa ofisi."

Wote wakanitazama. Muuguzi mkuu, daktari, wazazi wa vitanda vya jirani. Nikafungua mdomo.

"Kuna jirani," nikasema.

Kijana akanigeukia. "Jirani yule yule? Wa darasani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilidhani ni mchezo," akasema polepole. Akamtazama Chiriku, akanitazama mimi. Kabla hajasema lingine aliitwa kitanda cha pili.

Dada hajaniambia kitu tangu wakati ule. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jumatatu, 28 Aprili

Chiriku ametoka hospitali. Dada ameziba dirisha kwa vipande vya vitambaa na kwenda kulala naye kwa shangazi yetu, mitaa miwili kutoka hapa. Mimi nimebaki na cherehani.

Daktari Mtarajiwa alikuja ofisini, akajitupa kwenye kiti cha wageni.

"Mjomba, habari?"

"Mimi si mjomba wako."

"Rubani kaniamuru nikuite hivyo. Nitamkaidi vipi?" Kisha akawa makini. "Nilimpa dawa tatu na sikumsalimia mzazi wake. Nimekuwa nikilifikiria hilo."

Nikamwambia alifanya vizuri wodini. Akatazama sakafu. Wenye maringo nao huona haya, nilikuwa sijui.

"Mjomba, yule jirani..." akaanza.

Khm, khm, khmmm. Akaruka, akatoka. Nami nikanyoosha karatasi.

Jumanne, 6 Mei

Mkuu ameniita. Alikuwa amekaa na dirisha lake wazi, na kupitia dirisha lile niliona kitu ambacho sijawahi kukitazama vizuri: shimo liko hapo hapo, karibu kuliko kwetu.

"Nasikia wewe ndiye mgonjwa wa mtihani."

"Ndiyo, Mkuu."

"Baraza zima litakuwepo. Usinitie aibu." Akakohoa, akafuta macho. "Habari za kukuthibitisha tutazizungumza baada ya hapo."

"Sawa, Mkuu. Samahani, Mkuu."

"Samahani ya nini?"

Sikujua.

Jumatano, 21 Mei

Nimepiga pasi shati. Nimelivua, nimelipiga tena.

Alhamisi, 22 Mei

Niandike yote kabla sijaanza kuamini kwamba nimeota.

Ukumbi ulijaa. Wajumbe wa Baraza walikaa mbele, na mwenyekiti wao ni bibi mmoja muuguzi mstaafu, mfupi, miwani imening'inia kifuani. Mkuu alikaa kando yake. Bibi Taka alisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Glavu za Babu Mpira zilikuwa bado kwenye kamba ukutani; hakuna aliyethubutu kuzitoa wala kuzitetea.

Kura ya kunihoji ilimwangukia Daktari Mtarajiwa. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na moshi, kama kawaida yake baada ya mvua, ulikuwa umeanza kuingia.

Akaja. Akanipa mkono. "Shikamoo, mzazi. Karibu. Mtoto anaitwa nani nyumbani?"

"Chiriku."

"Kwa nini Chiriku?"

"Anaongea sana. Alikuwa anaongea."

Mwenyekiti akavaa miwani.

Aliniuliza kila kitu, kwa utaratibu, akisubiri majibu. Kikohozi kilianza lini: tulipohamia. Huzidi lini: mvua ikinyesha. Tunapikia wapi, tunalala wapi, dirisha linaangalia wapi. Ukuta. Nyuma ya ukuta, jirani anachoma taka. Hapo ndipo wote huishia. Nikaona mjumbe mmoja anaandika alama, na Mkuu ameegemea kiti, ameridhika.

Kijana hakuinuka. Alivuta kiti chake karibu mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akashusha sauti kama alivyoishusha kwa Chiriku.

"Mzazi. Huyo jirani ni nani?"

Nilimwona Mkuu, nikayaona majaribio yangu ya kazi, nikamwona Dada na dirisha lililozibwa. Kusema kweli sikupata ushujaa wowote. Nilichokuwa nacho ni sharti tu: ukiulizwa, jibu kweli. Mimi ni karani, masharti nayaweza.

"Ni chuo hiki," nikasema. "Shimo liko nyuma ya ukumbi huu. Ukuta wenu ndio ukuta wetu. Mtoto ni mpwa wangu, na si wa kuigiza."

Nyuma yangu nikasikia wanachuo wote wanavuta pumzi.

Khm. Mkuu akainuka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba radhi, huyu ni karani, anatoka nje ya..." Khm, khm. Moshi ulikuwa umeshajaa madirishani. Kikohozi kikamshika, na safari hii hakikuwa cha kusafisha koo. Kilimkunja. Alishika meza, akatafuta leso, akakosa.

Daktari Mtarajiwa alikuwa ameshafika kwake na bilauri ya maji. Akamsubiri anywe, akamketisha. Kisha, kwa heshima zote, akasema:

"Shikamoo, Mkuu. Hicho kikohozi kina muda gani?"

Nilifumba macho. Mtu akacheka nyuma, akajiziba. Mkuu akakodoa macho, akageuka kwa mwenyekiti kuomba msaada.

"Mjibu," bibi yule akasema. "Kijana bado yuko kwenye mtihani."

Mkuu akaiweka bilauri mezani.

"Tangu nihamie ofisi ya nyuma," akasema Mkuu.

"Na dirisha lako, Mkuu, linaangalia wapi?"

Mkuu alitazama dirisha la ukumbi. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuliangalia shimo kama mgonjwa. Nikamhurumia, jambo ambalo sikujua linawezekana: muda wote huu tumekiogopa kikohozi chake, na hakuna hata mmoja wetu, katika chuo kizima cha watabibu, aliyemuuliza kama anaumwa.

"Sasa toa matibabu," akasema mwenyekiti.

Kijana akasimama wima. "Mtoto ana dawa zake, ataendelea nazo. Mkuu apimwe kifua leo. Lakini mgonjwa wa tatu ni shimo, nalo tunalilisha sisi wenyewe. Zaidi ya nusu ya tulichokuwa tunachoma hakijawahi kumgusa mgonjwa." Akaonyesha kamba ya glavu. "Hizo ni za Babu Mpira. Tangu tuanze kugawa mapipa, za mazoezi haziendi tena shimoni. Zilizobaki ni za wodini, na zimekuwa chache kiasi kwamba gari la hospitali kuu ya mkoa linaweza kuzipeleka kwenye tanuri lao lenye bomba refu, mbali na nyumba za watu. Tumeshawauliza. Walisema mkuu wenu akiomba, tunakuja."

"Nani aliwafundisha haya?"

Darasa zima, bila kupangwa, likageuka nyuma. "Bibi Taka!"

Mwenyekiti akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Bibi Taka, njoo mbele. Na wewe, mzazi, kaa hapo hapo, bado tunakuhitaji."

Sikuwa na nia ya kuinuka.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenisemesha. Nimenyoosha kila karatasi iliyomo ofisini.

Jumatatu, 26 Mei

Tangazo limetoka, nimelipiga chapa mwenyewe na vidole vilikosea kwa furaha. Mazingira na Afya ni somo la kudumu, kwa miaka yote ya masomo. Shimo linafungwa wiki hii. Gari la hospitali kuu limeanza kuja.

Bibi Taka alipopita nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Siku ya kwanza nilipokuja kukuomba, shati lako lilinuka glavu zilizoungua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungejibu?"

"Nisingejibu."

"Na wao wangejifunza nini?" Akavaa viatu vyake vya mvua, akaenda.

Mchana Mkuu akaniita. Barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa mezani, imesainiwa. Aliniambia nikae. Sijawahi kukaa katika ofisi ile.

"Uliniaibisha," akasema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Mpwa wako anaendeleaje?"

Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, akageuza uso dirishani. "Mwambie dada yako," akasema, "mwambie... khm." Akashindwa, akanipa barua. Nilimfikishia Dada salamu hizo kama zilivyo. Akasema zimetosha.

Ijumaa, 30 Mei

Shimo limefukiwa. Wanachuo walipokezana makoleo, Daktari Mtarajiwa akiimbisha, Chiriku amekaa juu ya ukuta mapajani kwa Dada anawakosoa. Wamerudi nyumbani. Dada ameng'oa vitambaa dirishani na kuvishonea mto.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua zimekwisha. Jua limewaka, dirisha la ofisi limesinyaa, na leo nimelifungua kwa kidole kimoja.

Nilikuwa nagonga mihuri huku napiga mluzi. Nikahisi kivuli. Nikainua kichwa: Mkuu yuko mbele ya meza yangu, kasimama, sijui tangu lini. Hakuna khm, hakuna chochote! Niliruka, muhuri ukagonga mkono wa shati lake jeupe: IMEPOKELEWA.

Kila mtu aliyekuwa koridoni akaganda na kikombe chake cha chai mkononi.

Mkuu akautazama mkono. Akacheka. Cheko lenyewe lilikuwa nene, la tumboni, likaenda mpaka mwisho wake bila kukatika, na alipomaliza alikaa kidogo akisikiliza, kama mtu anayesubiri kitu kifuate na hakikufuata.

"Itabidi mnifunge kengele," akasema.

Jioni nilimsimulia Chiriku. Alinirudisha kwenye muhuri mara nyingi, akitaka kujua ulilia vipi, uso wa Mkuu ulikuwaje, na kila nikifika hapo anaanguka kitandani kwa kicheko, miguu juu, hadi machozi. Dada alisimamisha cherehani. Tulisikiliza kicheko chote, sote wawili, tukingoja pale ambapo huwa kinakatika.

Hakikukatika.

"Enhe," Dada akasema, akarudisha mguu kwenye cherehani. "Sasa ndiyo. Kwa mwoga huenda kicheko."